Ghala la Baridi

Mithali husema: Akiba haiozi. Ni kweli kwa maharagwe makavu yaliyowekwa guniani mahali pasipo unyevu. Ni kweli pia kwa mahindi yaliyoanikwa vizuri. Lakini kwa nyama, samaki na maziwa si kweli hata kidogo. Nyama iliyochinjwa asubuhi na kuachwa mezani huanza kubadilika harufu kabla ya jua kuchwa. Akiba ya namna hii huoza, tena huoza upesi.

Ndiyo maana tangu zamani watu wametafuta njia za kuilinda. Wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi, kando ya Ziwa Edward, hukausha samaki kwa moshi au huwatia chumvi kabla ya kuwapeleka mbali. Moto na moshi huondoa maji katika nyama ya samaki. Chumvi nayo huyavuta maji hayo. Mahali pasipo maji, vijidudu vinavyoozesha chakula haviwezi kuzaana. Hivyo samaki mkavu huweza kusafiri mpaka masoko ya Butembo na Beni bila kuharibika.

Siku hizi iko njia nyingine, nayo ni baridi kali. Katika maduka na katika nyumba kadhaa za miji hiyo miwili huonekana sanduku kubwa jeupe, lenye kifuniko juu na waya wa umeme nyuma. Sanduku hilo ni friza. Wengine huliita kongelateri, kwa jina la Kifaransa. Ni ghala la baridi. Lakini ghala lo lote lahitaji mwenye kulitunza. Friza isiyotunzwa huharibu chakula, hupoteza fedha, na huweza kuleta ugonjwa nyumbani.

1. Baridi hufanya kazi gani?

Mtoto wa Mutwanga akiamka mapema, siku isiyo na mawingu, huona milima ya Ruwenzori imesimama mbele yake. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, kina meta 5,109. Huko juu kuna barafu, ingawa mstari wa ikweta uko karibu. Barafu hiyo imepungua sana tangu miaka mia iliyopita, lakini yatufundisha jambo moja: mahali penye baridi ya kutosha, maji huwa magumu kama jiwe.

Maji huanza kuganda katika digrii 0. Friza nzuri hushuka chini zaidi, mpaka digrii 18 chini ya sifuri. Kwa nini baridi kali hivyo?

Juu ya kila kipande cha nyama mna vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Jina lake ni bakteria. Katika joto vinavyolipenda, bakteria mmoja huweza kugawanyika na kuwa wawili kwa dakika 20 tu. Baada ya dakika 40 ni wanne. Baada ya saa moja ni wanane. Fanyeni hesabu hiyo daftarini mpaka saa saba. Mtaona kwamba yule mmoja amekuwa zaidi ya milioni mbili!

Baridi ya friza huvizuia vijidudu hivyo kuzaana. Lakini sikilizeni vizuri: baridi haiviui vyote. Huvilaza usingizi tu. Siku nyama itakapopata joto tena, vitaamka na kuendelea na kazi yao pale vilipoiachia. Basi nyama iliyoingia frizani ikiwa imeanza kuoza, haitatoka ikiwa nzima. Friza haitengenezi chakula kibovu. Hulinda tu kile kilicho kizuri.

Kwa sababu hiyo hiyo, nyama ya mnyama aliyeokotwa porini akiwa amekufa haipaswi kuingizwa nyumbani, wala kuwekwa frizani. Baridi haiondoi magonjwa aliyokuwa nayo.

2. Friza huondoa joto

Watu wengi hudhani kwamba friza hutengeneza baridi. Sivyo. Friza huchukua joto lililomo ndani na kulitupa nje.

Ili kulielewa jambo hili, lowesha mkono wako kwa maji, kisha upulize. Utasikia baridi. Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto la ngozi yako na kwenda nalo. Friza nayo hufanya kazi kwa njia hiyo. Katika mirija iliyo ndani ya kuta zake mna kioevu chepesi cha kugeuka hewa. Kinapogeuka, huchukua joto la chakula. Kisha mota huivuta hewa hiyo, huikandamiza kwa nguvu, na kuisukuma katika mirija ya nje. Hapo hulitoa lile joto, hurudi kuwa kioevu, na kuanza safari upya.

Ukiweka mkono nyuma au ubavuni mwa friza utasikia joto. Joto hilo ndilo lililotoka katika chakula. Basi friza isibanwe ukutani. Iachiwe nafasi ya upana wa kiganja, ili joto lipate njia ya kuondoka. Isiwekwe karibu na jiko la makaa, wala mahali inapopigwa na jua. Butembo iko milimani, zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari, na usiku wake ni wa baridi. Beni iko chini zaidi, na joto lake ni kubwa. Friza ya Beni hufanya kazi nyingi kuliko ile ya Butembo, nayo hula umeme mwingi zaidi.

Umeme wenyewe si kitu cha kuchezea. Kwa miaka mingi Butembo ilikuwa mji mkubwa usiofikiwa na umeme wa SNEL, yaani shirika la umeme la taifa. Wafanyabiashara waliwasha jenereta, na mafuta yake yalikuwa ghali. Mwaka 2013 Hifadhi ya Virunga ilifungua kituo kidogo cha umeme wa maji huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Baadaye ilijenga kituo kikubwa zaidi cha Luviro katika eneo la Lubero. Hata hivyo, umeme uwe wa maji, wa jua au wa jenereta, hulipiwa. Anayeacha friza wazi hutupa fedha.

3. Ganda jeupe

Kila mara kifuniko kinapofunguliwa, hewa ya nje huingia. Hewa hiyo ina mvuke wa maji. Mvuke ukigusa ukuta wa baridi huganda papo hapo. Leo ni kama unga mweupe. Baada ya majuma machache ni ganda gumu la barafu.

Wako wanaofurahi wakiliona ganda hilo. Husema, "Tazama jinsi friza yetu inavyogandisha!" Kumbe wamekosea. Ganda la barafu ni kama blanketi lililofunika mirija. Hulizuia joto la chakula lisifike kwenye mirija. Mota huzunguka mchana kutwa, umeme huliwa, na chakula hakipati baridi ya kutosha. Tena nafasi ya kuweka vitu hupungua.

Ganda likifika unene wa milimeta 5, yaani nusu ya sentimeta, wakati wa kusafisha umefika.

4. Namna ya kusafisha friza

Kazi hii yafaa ifanywe siku ambayo friza haina vitu vingi. Mwenye nyumba mwenye busara hasubiri mpaka ijae. Juma moja kabla hupika vile vilivyokaa muda mrefu na huacha kununua vipya. Kisha hufuata utaratibu huu:

Kwanza, huchomoa waya wa umeme. Asisahau, kwa maana maji na umeme ni maadui, nao huweza kuua mtu.

Pili, hutoa vitu vyote. Huvipanga pamoja katika beseni au sanduku, akivibananisha, kisha huvifunika kwa blanketi nene au magazeti mengi. Vitu vilivyobanana hulindana baridi. Wakati huo hukagua kila fungu. Lisilojulikana ni la nini wala la lini, huwekwa kando.

Tatu, huacha kifuniko wazi ili barafu iyeyuke. Akitaka kuharakisha, huweka ndani sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa kikavu. Asitumie kamwe kisu, panga wala msumari kuvunja barafu! Mirija iko karibu sana na ukuta. Ncha ya kisu ikiitoboa, hewa iliyomo hutoroka, na friza hufa. Zaidi ya hayo, katika friza nyingi mpya hewa hiyo huweza kuwaka moto. Kwa hiyo pasiwe na mshumaa wala kiberiti karibu.

Nne, huondoa maji. Friza nyingi zina tundu dogo chini lenye kizibo. Maji hutokea hapo, na beseni huwekwa kuyapokea.

Tano, huosha ndani kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Husugua pembe zote, na hasa ule mpira unaozunguka kifuniko. Mpira mchafu au uliopasuka haufungi sawasawa. Ili kuujaribu, hubanisha karatasi kati ya kifuniko na sanduku. Karatasi ikivutwa na kutoka bila kushikwa, mpira haufai tena.

Sita, husuuza kwa maji safi na kukausha kwa kitambaa mpaka pasiwe na tone. Unyevu uliobaki ndio ganda la kesho. Kisha hurudisha waya, hungoja baridi irudi, na kupanga vitu vyake.

5. Namna ya kupanga chakula

Friza iliyorundikwa ovyo ni kama kaburi. Vitu huingia, lakini havitoki. Mama hununua nyama mpya kila juma na kuiweka juu, huku ile ya zamani imelala chini kwa mwaka mzima. Siku ya kuitoa, imekuwa nyeupe na kavu kama gome la mti. Hewa ya baridi imeinyonya maji yake.

Dawa ya jambo hili ni rahisi. Kila fungu lifungwe vizuri katika mfuko safi, na hewa ikamuliwe itoke. Ndani yake, au juu yake, iwekwe karatasi yenye maneno mawili: jina la chakula na tarehe. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Nyama mbichi na samaki wabichi wakae chini. Mkate na chakula kilichopikwa vikae juu, ili damu isidondoke juu yake.

Mafungu yawe madogo na bapa, ya kutosha mlo mmoja. Jambo hili lina sababu yake. Mmarekani mmoja aitwaye Clarence Birdseye alikaa Labrador, nchi ya baridi kali ya kaskazini, kati ya mwaka 1912 na 1915. Huko aliwaona wenyeji wakivua samaki, na samaki hao wakiganda mara moja katika upepo wa barafu. Walipopikwa miezi mingi baadaye, ladha yao ilikuwa kama ya samaki wapya. Birdseye akaelewa siri. Maji yanayoganda polepole hufanya vipande vikubwa vya barafu vinavyopasua nyama. Yanayoganda upesi hufanya vipande vidogo, na nyama haiumii. Alitengeneza mashine za kugandisha upesi, na mwaka 1930 chakula chake kilianza kuuzwa katika maduka ya Springfield, Massachusetts, huko Marekani. Nasi nyumbani hatuna mashine yake, lakini fungu dogo bapa huganda upesi kuliko bonge kubwa.

Chakula kilichopikwa kiachwe kipoe kwanza. Sufuria ya maharagwe ya moto ikiingizwa frizani huwapa joto jirani zake wote. Lakini kisiachwe nje zaidi ya saa mbili, kwa maana vijidudu havingoji. Tena chupa ya kioo iliyojaa maji isiingizwe. Maji yakiganda huongezeka ukubwa, karibu sehemu moja katika kumi na moja, na chupa hupasuka.

Sombe iliyotwangwa na kuchemshwa hukaa vizuri katika baridi. Viazi vibichi havifai. Huwa laini na vyeusi. Mayai yenye maganda hupasuka. Kabeji ya kachumbari hulegea kama kitambaa kilicholowa.

Muda nao upimwe. Samaki mwenye mafuta mengi adumu miezi 2 au 3. Samaki asiye na mafuta mengi, kama tilapia, miezi 6. Nyama iliyosagwa miezi 3 au 4. Vipande vya nyama ya ng'ombe miezi 6 na zaidi. Vipande vya kuku miezi 9. Chakula kilichopikwa miezi 2 au 3. Hii ni kwa friza isiyopoteza baridi yake. Penye umeme unaokatika mara kwa mara, afadhali kutumia mapema zaidi.

6. Umeme ukikatika

Hapa ndipo busara ya mwenye friza hujaribiwa. Kanuni ni hii: friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi yake kwa muda wa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu hushika kwa saa 24 hivi. Kwa nini iliyojaa hushinda? Kwa sababu kila kipande kilichoganda ni kama barafu inayowapoza wenzake. Mwenye vitu vichache aongeze chupa za plastiki zenye maji, asizijaze mpaka juu, nazo zitaganda na kumsaidia.

Iko pia njia ya kujua kama baridi ilipotea wakati watu hawapo nyumbani. Gandisha maji katika kikombe cha plastiki, kisha weka sarafu juu ya barafu yake. Kikombe kikae frizani siku zote. Ukirudi na kuiona sarafu ingali juu, chakula kilikuwa salama. Ukiikuta katikati au chini kabisa, barafu iliyeyuka na kuganda tena. Friza itakuwa ya baridi na chakula kitakuwa kigumu, lakini sarafu haisemi uongo.

Sasa tumtazame mama mmoja muuza samaki wa Butembo. Tuseme kwamba alipokea zamu yake ya likelemba, yaani fedha za kuchangiana na wenzake, akanunua samaki wengi na kuwaweka frizani. Fedha za samaki hao ndizo zitakazolipa ada ya shule ya watoto wake. Jumamosi saa 12 jioni umeme ukakatika. Mama akasema, "Pasiwe mtu wa kufungua friza." Akaifunika kwa blanketi nene.

Jumapili mchana wageni wakaja. Mama alikuwa ametoka. Kijana wake mkubwa akainua kifuniko, akatoa soda, akakizungumza na wageni huku kifuniko kiko wazi. Alipokifunga, hakukikaza.

Umeme ukarudi Jumatatu saa 6 mchana. Zilikuwa zimepita saa 42. Mama akaondoa blanketi ili joto la mota lipate kutoka, kisha akafungua. Mkate wa juu ulikuwa umelegea, lakini mkate haudhuriki upesi. Ulichomwa na kuliwa siku ile. Mafungu ya maharagwe yaliyopikwa yalikuwa yameyeyuka yote, wala hayakuwa na baridi tena. Samaki wa safu ya juu nao walikuwa laini na vuguvugu. Wa katikati walikuwa laini kwa nje, lakini walikuwa baridi, na barafu ilisikika ndani yao. Wa chini walikuwa wagumu kama mawe.

Jirani yake, muuzaji mwenziwe, alisimama mlangoni. "Dada, warudishe wote katika baridi," akasema. "Kesho watakuwa wamekauka tena. Mnunuzi hataona kitu."

Mama akajibu, "Mnunuzi hataona, lakini tumbo la mtoto wake litaona."

"Basi wanuse. Kama hawanuki, ni wazuri."

"Pua haitoshi, dada. Vijidudu vingine huleta ugonjwa bila kutoa harufu."

Akawagawa samaki mafungu matatu. Wa chini akawaacha pale walipokuwa. Wa katikati wangeweza kugandishwa tena, kwa sababu barafu ilikuwa bado ndani yao, lakini nyama yao ingelegea. Akaona heri kuwakaanga siku ile ile, akawauza wakiwa moto sokoni, akiwaambia wanunuzi kwamba ni samaki wa leo na waliwe leo. Wa juu, pamoja na maharagwe, aliwafukia katika shimo refu ili mbwa wasiwafukue wala watoto wasiwaokote. Hakuwapa hata kuku wake.

Kijana alisimama kando ya shimo akihesabu samaki waliozikwa. Alihesabu polepole, na kila mmoja alikuwa sehemu ya ada yake. Mama hakumgombeza mbele ya jirani. Alimpa sepetu tu, akamwambia, "Fukia vizuri, mwanangu." Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kumwambia kijana akaze kifuniko.

Mama alipata hasara, na hasara ni hasara. Lakini angewauza samaki wale, angeweza kuugua mtu, na jina lake sokoni lingeanguka. Fedha iliyopotea hutafutwa tena. Jina baya hufuata mtu mpaka uzeeni.

7. Baridi kali kuliko ya friza zetu

Watu wa Beni na Butembo wamewahi kuona baridi kali zaidi ikiokoa maisha ya watu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka Kivu ya Kaskazini. Mangina, Beni na Butembo ziliumia sana. Ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Jamaa nyingi zingali zinawalilia wapenzi wao.

Chanjo iliyotumika ilipaswa kuhifadhiwa katika baridi ya digrii 60 mpaka 80 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani haiwezi kufika huko. Ziliwekwa friza za namna ya pekee. Ili kuipeleka chanjo vijijini, vilitumika vyombo vyenye kuta nene, mfano wa thamosi kubwa, vinavyoshika baridi kwa siku kadhaa bila umeme. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Wauguzi waliovibeba vyombo hivyo walishika kanuni zile zile tulizojifunza: jua kilichomo, andika tarehe, usifungue bila sababu, na usitumie kitu kilichopoteza baridi yake.

8. Maneno ya kukumbuka

Chakula kikitolewa frizani kisiyeyushwe juani. Kiyeyushwe ndani ya friji, au kikiwa katika mfuko uliofungwa ndani ya maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa. Kisha kipikwe mara moja mpaka kiive kabisa ndani. Anayeshika nyama mbichi au samaki wabichi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Tena neno moja la hatari. Friza mbovu iliyotupwa uani huwavutia watoto wanaocheza kujificha. Mtoto akiingia na kifuniko kikajifunga, hewa huisha, na kilio chake hakisikiki nje. Friza isiyotumika ing'olewe kifuniko siku hiyo hiyo. Na mtoto ye yote asijifiche humo, hata kwa mchezo.

Ghala la mahindi huibiwa na panya. Ghala la baridi huibiwa na mkono usiokaza kifuniko, na kichwa kisichokumbuka kilichomo. Mwenye kulitunza vizuri huweza kusema bila kukosea kwamba akiba yake haiozi.

MASWALI

1. Kwa nini samaki aliyekaushwa kwa moshi haozi upesi?
2. Baridi ya friza huvifanya nini vijidudu? Huviua vyote?
3. Eleza kwa nini nyuma au ubavuni mwa friza pana joto.
4. Ganda la barafu hutoka wapi, na lina ubaya gani?
5. Kwa nini ni vibaya kuvunja barafu kwa kisu?
6. Clarence Birdseye alijifunza nini huko Labrador?
7. Friza iliyojaa hushika baridi kwa saa ngapi umeme ukikatika? Iliyojaa nusu je?
8. Mama muuza samaki aliwagawa samaki wake namna gani? Wewe ungefanya nini?
9. Hesabu: Bakteria mmoja akigawanyika kila dakika 20, watakuwa wangapi baada ya saa nne?